Aqal Kwenye Mapokezi

Kwetu Garissa ukisema unaenda hoteli, watu wanaelewa unaenda kula. Anjera na maini asubuhi, wali na nyama ya ngamia mchana, chai ya maziwa saa yoyote. Pahali pa kulala panaitwa lojing'i, na msichana wa mji huu hana shughuli huko. Kwa hivyo nilipompigia mama simu kumwambia nakuja harusi ya binamu yangu ila nitalala hotelini siku mbili, kwanza alicheka, akidhani nimekosea neno. Halafu akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mpokezi wa hoteli naye angekuja kuniuliza, karibu kwa sauti ileile: kwani nyumbani kuna nini?

Nyumbani kulikuwa na wageni zaidi ya thelathini na choo kimoja. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimeona picha.

Picha zilikuwa za jengo ninalolijua tangu utotoni: ghorofa tatu, vigae vya kijani mbele, madereva wa malori wakipiga mswaki kwenye baraza za juu. Limekarabatiwa. Vigae vimeng'olewa, kuta zimepakwa rangi ya udongo mwekundu, madirisha ya mraba yamevishwa matao. Na katikati ya mapokezi, chini ya taa zinazomulika kutoka pembeni, kuna aqal: nyumba ya kuhama ya Wasomali, kuba la fito na mikeka, kwa ukubwa wake kamili. Ndani yake wameweka viti viwili vya ngozi na meza ya kioo. Nilikaa na picha hiyo kwenye simu wiki nzima. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu nikisoma usanifu majengo (karo ilinishinda kabla ya hesabu za mihimili kunishinda), na katika miaka hiyo mitatu sikumsikia mhadhiri hata mmoja akitamka neno aqal. Sasa nikaiona imewekewa taa.

Jina la hoteli silitaji. Mji ni mdogo, mwenyewe anajuana na wajomba zangu, na ninachotaka kusema hakimhusu yeye peke yake.

Kwa asiyezijua hoteli za aina hii: ni ndogo, vyumba vichache, na kinachouzwa si kitanda bali sura. Sabuni ina jina la mmea. Ukutani kuna kitu kilichofumwa. Huku kwetu Afrika Mashariki tumeizoea sura hiyo kutoka pwani. Peponi ya Shela, Lamu, imepokea wageni tangu 1967. Zanzibar, Mmarekani Emerson Skeen alifika mwishoni mwa miaka ya 1980, akayafufua majumba makuukuu ya wafanyabiashara wa Mji Mkongwe yakawa hoteli, na Emerson Spice bado inabeba jina lake. Lakini angalia walichokikuta. Walikuta kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu za boriti za mikoko, vidaka ukutani, daka mlangoni la kumketisha mgeni kabla hajaingia. Mbunifu wa Lamu au Unguja, hata akiwa mvivu, anabebwa na jengo. Akiliosha tu na kuweka kitanda, tayari ana hoteli.

Garissa hakuna ukuta wa kumbeba mtu. Watu husema eti ni kwa sababu sisi ni wa kuhamahama, hatuna ujenzi. Si kweli, na si rahisi hivyo. Mkoloni aliufunga upande huu wote, akauita Northern Frontier District, mtu asiingie wala asitoke bila pasi. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, pamoja na sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi, hapa hapa mjini, ulichomwa na vikosi vya serikali. Nani angejenga daka la kukalia mlangoni mwaka 1981? Watu walijenga kile ambacho wangeweza kukipoteza bila kufa moyo: mabati, tofali za saruji, choo nje.

Kwa hivyo hoteli nzuri Garissa ni jambo geni, na sikuja kulidharau. Ugatuzi ulipoanza 2013, zilikuja ofisi za kaunti, zikaja warsha, na warsha zinataka vyumba. Halafu tarehe 2 Aprili 2015 ikatokea lile la Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Nilikuwa kidato cha pili. Mji ulibaki mtupu, hata kelele za soko la mifugo zilisikika tofauti. Mtu aliyeamua baada ya hapo kuweka pesa zake hapa, wakati wenzake wote wanajenga Eastleigh, nampa heshima yake. Nimelipa bei yake kamili, pesa ya miezi miwili ya kunukuu mahojiano ya watu kutoka kwenye rekodi, na sikuomba punguzo.

Tuanze na lango. Mbunifu amejitahidi kulificha kwa mabugenvilia, lakini lango la Garissa halifichiki: kioo cha kuchungulia chini ya gari, askari wawili, kitambulisho mkononi. Ukishapita unafika kwa mpokezi, kijana mpole aliyevaa kanzu iliyokatwa kisasa. Aliangalia jina langu, akaangalia nilikozaliwa, akaniuliza mimi ni wa nani. Hakumaanisha baba. Alimaanisha babu wa nane. Nilimjibu, na kuanzia hapo nilijua kwamba kabla sijafungua mlango wa chumba, habari yangu itakuwa imefika sokoni.

Chumba kina mambo mawili mazuri sana. La kwanza ni mshale wa kibla. Kwenye hoteli nyingi ni stika ya kijani ndani ya droo. Hapa wameutengeneza kwa shaba na kuuzamisha kwenye saruji ya sakafu, mwembamba, urefu wa kiganja, na saa za alfajiri mwanga unapoingia chini ya mlango unaugusa. Yeyote aliyewaza hilo anajua kazi yake. La pili ni sakafu yenyewe, saruji iliyosuguliwa hadi ikawa baridi kama tumbo la mtungi. Nililala juu yake mchana, na baadaye nitaeleza kwa nini.

Mabaya ni bafu. Ukuta kati ya bafu na kitanda ni kioo kitupu, mtindo ambao mimi sijawahi kuelewa uliletwa duniani kwa ajili ya nani. Na chooni kuna karatasi peke yake. Hakuna mpira wa maji, hakuna birika, hakuna hata kopo. Mji mzima huu, hata kibanda cha miraa kando ya barabara kina kopo la kuchambia, na hoteli ya bei hii haina. Nilimuuliza dada wa usafi. Akasema mpira ulikuwepo kabla ya ukarabati, ila mtu wa Nairobi alisema unaharibu picha. Asubuhi aliniletea chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifunikoni. Wageni wote, alisema, huwapelekea hiyo.

Ukutani juu ya kitanda wamechora mto Tana, utepe wa bluu kutoka kona hadi kona. Tana haijawahi kuwa bluu. Ni rangi ya chai yenye maziwa mengi, na ilipofurika mwishoni mwa 2023, ikarudia 2024, na kukata barabara upande wa Madogo, watu wa hapa waliitazama kwa macho mengine kabisa. Haya, ni mchoro tu.

Jambo kubwa zaidi ni zile baraza.

Lojing'i ya zamani ilikuwa na baraza pana kila ghorofa, upande wa magharibi, ambapo madereva walitundika mataulo. Zilikuwa mbaya kwa sura. Lakini Garissa iko chini, mita mia na hamsini hivi juu ya bahari, na siku nyingi za mwaka jua linapita nyuzi 34. Kuanzia saa nane mchana jua la magharibi ndilo adui. Baraza ilikuwa inalipokea jua hilo ili ukuta wa chumba usiligonge. Fundi aliyeijenga huenda hakusoma popote, ila alijua. Katika ukarabati baraza zote zimezibwa kwa kioo kutoka juu hadi chini, ili vyumba viwe vikubwa na mgeni aone mto. Kioo hakifunguki. Kuna kiyoyozi.

Siku ya kwanza, saa tisa na dakika kama ishirini, stima ilipotea.

Jenereta iliwaka baada ya dakika mbili, nikashukuru. Kumbe inahudumia jikoni, ukumbi wa mikutano na mapokezi tu. Chumbani kioo kilianza kufanya kazi yake. Hapo ndipo nilipolala sakafuni, shavu kwenye saruji, kwa robo saa. Nje kidogo ya mji huu kuna shamba la paneli za jua la takriban megawati 50, lililozinduliwa 2019, na umeme wake wote unaingia gridi ya taifa. Nililiwaza sana hilo shamba nikiwa pale chini. Halafu nikavaa buibui, nikashuka.

Chini, aqal ilikuwa inawaka taa zote.

Niliingia nikaketi. Nilitarajia angalau humo kutakuwa na ubaridi, kwa sababu aqal ni nyumba ya joto: mikeka ya chini huinuliwa upande upepo unakotoka, hewa inapita, kivuli kinabaki. Kulikuwa na joto kuliko nje yake. Nikapenyeza mkono nyuma ya mkeka, nikagusa mbao. Kuba zima limetandikwa mbao nyembamba kwa ndani ili nyaya za taa zipate pa kushikilia. Mikeka imepigiliwa misumari, haiwezi kuinuka. Hapo ndipo jengo lote liliponielea. Wamelibomoa jibu la joto lililokuwa ukutani, kisha wameweka mapokezini sanamu ya jibu jingine la joto, nalo wamelipigilia misumari.

Jioni Ayeeyo alikuja kunywa chai. Bibi yangu mzaa mama. Kaka yangu alimleta kwa tuktuk, na nadhani alitumwa na familia nzima kuja kuona nimejificha na nani. Alizaliwa porini upande wa Balambala na aliishi kwenye aqal mpaka ukame wa 1984 ulipomaliza mifugo yao, wakaingia mjini. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilikuwa hata nimewasha kinasa sauti cha simu.

Alizunguka kuba mara moja, polepole, akagonga ufito mmoja kwa kucha. Ulilia.

"Chuma," akasema.

Ni kweli. Fito zote ni nondo za ujenzi zilizozungushiwa kamba ya katani. Nilimuuliza kama inamkasirisha. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama mvua inamkasirisha.

"Ayeeyo," akaniita (kwetu bibi na mjukuu huitana jina moja), "hizo za mti zilinivunja mgongo. Hii ya chuma haiwezi kupanda ngamia, lakini hii haiendi popote, si ndiyo?"

Alinieleza mambo ambayo baadhi nilishayasoma kwenye kitabu cha Labelle Prussin cha 1995 kuhusu ujenzi wa wafugaji wa Afrika, nilichokipata maktaba mwenyewe, hakikuwa kwenye orodha ya mhadhiri: kwamba nyumba ni mali ya mwanamke, kwamba mama na shangazi wa bibi arusi huanza kusuka mikeka mapema kabla ya harusi, kwamba wakati wa kuhama zile fito zilizopinda hufungwa juu ya ngamia na kuwa kiti cha watoto na kinga ya mizigo. Kitabu hakikuniambia habari za miiba, moshi machoni, na mvua inayopenya pale pale ulipolaza mtoto. Hakuwa na hamu ya kurudi. Stima iliporudi nilimpeleka chumbani akapande kitanda kidogo tu, akalala saa nzima akikoroma chini ya kiyoyozi. Alipoamka alisema godoro ni zuri, akaingiza ndala za hoteli kwenye mkoba.

Kilichomshughulisha ni mikeka. Hiyo ilikuwa ya kweli. Alirudi mapokezini, akainama, akavuta ukingo mmoja, akaufuata kwa kidole hadi unapofungia. Namna ile ya kumalizia ukingo, alisema, anaijua mkono wake. Mpokezi hakujua iliponunuliwa. Akaniletea kadi ile inayowekwa vyumbani, karatasi nzito, maandishi ya Kiingereza. Ilimtaja mbunifu wa ndani kwa jina na studio. Ilimtaja mpiga picha. Ilitaja hata kampuni iliyotengeneza taa. Kuhusu mikeka ilisema imesukwa kwa mkono na "wanawake wa jamii ya wafugaji", kisha sentensi moja kuhusu jinsi kila uzi unavyobeba hadithi.

Sentensi hiyo naijua. Niliiandika mimi. Labda si ile yenyewe, ila miaka miwili iliyopita niliiuzia kambi moja ya watalii, mbali kabisa na hapa, kuhusu shanga ambazo sikuwahi kuziona, kwa malipo ya kuhesabiwa kwa neno. "Every thread." Hata shanga zenyewe hazina uzi wa maana. Ninaandika maneno kama hayo kwa sababu yanalipa kodi ya nyumba, na sijawahi kuuliza jina la mtu yeyote, kwa sababu fomu ya kazi haina kisanduku cha jina hilo. Jina langu nalo halimo. Kwa hivyo sikuisoma kadi ile kama mtu asiye na hatia.

Kesho yake harusini Ayeeyo aliuliza meza kwa meza. Kabla ya pilau kuisha alishapata jibu: msukaji ni mama wa mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Jioni tukaenda, Ayeeyo mbele, mimi nyuma na soksi za harusi bado miguuni. Tulimkuta kwenye mkeka, amekaa kivulini upande wa mashariki wa nyumba ya mabati, miguu ameinyoosha. Nikamwonyesha picha za mapokezi kwenye simu.

Hakuwa amewahi kuziona. Alijua tu kwamba mtu mmoja alikuja na gari, akaagiza mikeka mingi ya ukubwa ule, akalipa bei ya mkeka wa kukalia. Kwa hesabu aliyonipa, malipo ya mikeka yote hayakufika nilicholipa mimi kwa siku zangu mbili. Alipogundua kwa vipimo kwamba ni ya nyumba, alijitolea kwenda kuisimamisha mwenyewe na fito za kweli, yeye na dada yake, kazi ya asubuhi moja. Aliambiwa fundi yupo.

Alikuza picha kwa vidole viwili kama kijana. "Wameifunga," akasema. "Hewa itapitia wapi?"

Nilirudi hotelini nikaomba kuonana na mwenyewe. Alinipokea vizuri, akaagiza chai, akaniuliza habari za wajomba. Nilimweleza yote, la mpira wa choo pia. La mpira alilikubali papo hapo, akaonekana hata yeye linamuudhi. La baraza alisema limeshapita, saruji haikatwi mara mbili. Kuhusu msukaji alisema ukweli ambao sikuwa na jibu lake haraka: mbunifu alimletea bei moja ya "mapokezi, kamili", yeye akalipa, hakujua ndani yake kuna nani. Watu wa warsha wakifika wanapiga picha pale kwanza, kabla hata ya kuuliza intaneti. "Imenirudishia pesa yangu ile kitu," akasema. Sikumchukia. Nilimwambia anaweza kuchapisha kadi upya. Akasema kadi zilichapishwa elfu moja.

Kama unakwenda Garissa kwa kazi, chumba ni kisafi, suqaar ya jikoni ni tamu kuliko ya mitaani na nalisema hili kwa shingo upande, na mshale wa kibla pekee unastahili kuonwa. Omba chumba cha upande wa mashariki. Beba kopo.

Nilipomuaga yule mama nilimuuliza kama naweza kuandika jina lake hapa. Nilidhani ndicho alichonyimwa. Alifikiri kidogo akiendelea kusuka, akasema jina lake watu wanaomhusu wanalijua, niandike bei. Bei mpya, ya mkeka wa nyumba, si ya kukalia. Akanitajia, akanipa na namba ya simu ya binti yake, akanitaka niisome kwa sauti mara mbili kuhakikisha. Mhariri wa jarida hili anazo zote mbili. Anayetaka mikeka amwandikie, na akitaka aqal nzima aseme mapema, kwa sababu fito lazima zikatwe na kupindwa zikiwa mbichi, na yeye na dada yake watakuja wenyewe kuisimamisha.